Kumjua Tembo Kabla Hajafika Shambani

Maelezo ya Kitengo cha Maliasili kwa wakazi wa kata zinazopakana na hifadhi, yaliyotolewa mahindi yakiwa yanaanza kubeba



Mahindi yanapotoa mbelewele, madungu hujengwa upya katika kila kijiji kinachopakana na hifadhi. Baba huhamia shambani na blanketi, tochi na debe. Mama hubaki nyumbani na watoto wadogo, sikio likiwa upande wa shamba. Kijana aliyekuwa zamu usiku husinzia darasani mchana. Hiyo ni gharama isiyoandikwa katika fomu yoyote. Zinazoandikwa ni ekari: moja, mbili, wakati mwingine shamba zima la familia, lililoliwa na kukanyagwa kati ya saa mbili ya usiku na alfajiri. Na katika mwaka mbaya huandikwa jina la mtu.

Tembo haingii shambani kwa kupotea njia. Huingia akiwa amepima: chakula kilichopo, umbali wa kichaka cha kukimbilia, upepo unakotoka, na aina ya watu wanaomngoja. Kijiji kinachofahamu vipimo hivyo kinaweza kumvurugia hesabu. Kijiji kisichovifahamu hupiga madebe mwaka hadi mwaka, na kila mwaka madebe hayo hupungua nguvu.

Hesabu ya kwanza ni ya tumbo. Tembo mzima anaweza kula kiasi cha kilo 150 kwa siku na kunywa zaidi ya lita 100 za maji. Porini chakula hicho ni nyasi, magome, mizizi na matawi yenye miiba, na sehemu kubwa yake hupita tumboni bila kusagika sawasawa. Ndiyo maana kinyesi chake hujaa nyuzinyuzi na mbegu nzima. Mnyama mwenye mahitaji hayo hutumia sehemu kubwa ya usiku na mchana akila. Mbele yake mkulima amepanda mahindi, miwa, migomba, matikiti na maboga: chakula laini, chenye sukari, kisicho na miiba, tena kimepangwa kwa mistari. Usiku mmoja shambani humpatia kile ambacho porini kingemgharimu mwendo mrefu. Hakuna uchawi katika jambo hili, ingawa kila msimu minong'ono husikika kwamba fulani ametumiwa tembo na jirani yake.

Hata hivyo, si kila tembo hucheza kamari hiyo. Majike huishi katika familia inayoongozwa na jike mzee, ambaye kwa kawaida ni mama au bibi wa waliobaki. Mimba ya tembo huchukua miezi 22, na jike huzaa ndama mmoja baada ya miaka kadhaa. Mama mwenye mzigo wa namna hiyo huogopa kumpeleka mwanawe penye watu, mbwa na moto. Dume ni habari nyingine. Afikapo umri wa miaka 12 hadi 15 huiacha familia ya mama yake, akaishi peke yake au na madume wenzake. Anahitaji mwili mkubwa ili ashindane na wengine atakapotafuta majike, na shamba ni njia ya mkato ya kuupata. Watafiti waliofuatilia madume wa Amboseli, nchini Kenya, waligundua kwamba wachache kati yao ndio wezi wa kudumu, na kwamba kijana anayeandamana na mkubwa mwenye tabia hiyo huelekea kuiga. Kwa maneno mengine, kijiji hakipigani na hifadhi nzima. Mara nyingi kinapambana na madume kadhaa yanayojulikana, na wanafunzi wao.

Ndiyo maana nyayo zinastahili kusomwa asubuhi kabla hazijafutwa na mbuzi na watoto. Unyayo wa mguu wa mbele ni wa mviringo, wa nyuma ni mrefu kidogo kama yai, na mistari ya nyufa zilizo chini ya kisigino hutofautiana kati ya mnyama na mnyama. Mzunguko wa unyayo wa mbele, ukipimwa kwa kamba na kuzidishwa mara mbili, hukaribia urefu wa mnyama huyo begani. Kwa kipimo hicho cha kamba mzee wa kijiji anaweza kujua kama aliyekuja jana ni yule yule wa wiki iliyopita, alitokea korongo gani na alirudi kwa njia gani. Taarifa ya namna hiyo humsaidia askari wa wanyamapori kuliko simu inayosema tu kwamba tembo ni wengi sana.

Sasa ije hesabu ya pili, ambayo ni ya kumbukumbu, na hapa ndipo tembo anapomshinda mkulima mara nyingi.

Mwaka 1993 ukame mkali uliikumba Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Katika makundi matatu yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti kulikuwa na ndama 81. Katika muda wa miezi tisa, 16 kati yao walikufa. Vifo hivyo havikugawanyika sawasawa. Makundi yaliyoondoka hifadhini kutafuta maji na malisho kwingine yalipoteza ndama wachache. Kundi lililobaki ndilo lililoumia zaidi, na hilo ndilo lililokuwa limepigwa vibaya na majangili miaka ya nyuma, likapoteza majike yake wazee. Watafiti walieleza kwamba huenda viongozi wa makundi yaliyoondoka walikuwa na umri wa kutosha kuukumbuka ukame wa mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na mahali maji yalikopatikana wakati huo. Majangili walipoua bibi kwa ajili ya pembe, waliua na ramani iliyokuwa kichwani mwake. Zaidi ya miaka kumi baadaye wajukuu wakafa kiu karibu na njia ambayo hakuna aliyewaonyesha.

Huko Amboseli jambo la pili lilithibitishwa. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililotumia nguo. Tembo walipewa kunusa nguo zilizovaliwa na wanaume wa Kimaasai, ambao vijana wao wamekuwa wakiwachoma mikuki, na nguo zilizovaliwa na wanaume wa Kikamba, ambao ni wakulima. Harufu ya Wamaasai iliwatimua upesi zaidi na kuwapeleka mbali zaidi. Mwaka 2014 yakachapishwa matokeo ya jaribio la sauti. Sentensi moja fupi, yenye maana ya kwamba kundi la tembo linakuja, ilirekodiwa kwa Kimaasai na kwa Kikamba, ikachezwa kwenye spika iliyofichwa. Tembo waliposikia sauti ya mwanamume wa Kimaasai walikusanyika pamoja na kuinua mikonga kunusa hewa. Sauti ya mwanamume wa Kikamba haikuwatisha kiasi hicho, wala sauti za wanawake na wavulana wa Kimaasai. Mnyama huyu, basi, hasikii tu kwamba kuna mtu. Anasikia ni mtu gani, na anajua mtu wa aina hiyo amewahi kumfanya nini.

Mkulima aliyeko dunguni afikirie maana ya jambo hilo. Debe likipigwa usiku wa kwanza, tembo hukimbia. Likipigwa usiku wa kumi bila lolote kufuata, tembo amekwisha kujua kwamba debe halina meno. Tochi nayo ni hivyo hivyo. Ndipo mkulima hupandisha dau: hushika kinga cha moto, hurusha mshale, hufyatua gobore, humsogelea. Tembo aliyejeruhiwa haendi kupona kimya kimya. Hubaki na kidonda na kumbukumbu, na atakayekutana naye wiki ijayo huenda ni mama anayechota maji au mtoto anayekwenda shule, asiyejua lolote kuhusu mshale wa Jumanne.

Kuhusu sumu, maneno hayahitaji kuwa mengi. Boga au tikiti lililotiwa dawa ya wadudu huua tembo mmoja, kisha huua fisi, mbwa na tai wanaokula mzoga, na hutia hatarini kila nyumba iliyochukua nyama hiyo. Ni kosa kisheria. Na mzoga wa tembo hauna mwenyewe kijijini: pembe zake ni nyara za serikali, na anayekutwa nazo anakabiliwa na kifungo cha muda mrefu, hata kama aliziokota.

Usalama wa mtu ndio wa kwanza kabla ya usalama wa mahindi. Tembo aliyetanua masikio na kuinua kichwa, akipiga kelele na kutimua vumbi, mara nyingi anaonya. Aliyelaza masikio nyuma na kukunja mkonga chini ya kifua huku akija moja kwa moja haonyi tena. Dume anayetiririsha majimaji mashavuni na mkojo ukidondoka miguuni yumo katika kipindi cha kutafuta majike. Huyo hafukuzwi na mtu yeyote, ila huachiwa nafasi. Mtu akutanapo na tembo usiku azime hamu ya kuona vizuri zaidi, arudi nyuma taratibu, akae upande ambao upepo hauchukui harufu yake kwenda kwa mnyama, asiruhusu mbwa wamrudie akiwa mbio huku tembo akiwafuata. Ulinzi wa shamba ni kazi ya watu watatu au zaidi walio karibu karibu. Pombe haina nafasi dunguni. Na anayetoka dunguni kwenda nyumbani saa nane za usiku apite njia iliyofyekwa, wala si njia ya mkato katikati ya mahindi yaliyompita kimo.

Kama kelele hazitoshi na silaha huzidisha hatari, nini kinachobaki? Kinachobaki ni kumpa tembo sababu ambayo yeye mwenyewe anaiheshimu. Mbili zimejaribiwa kwa muda mrefu: pilipili na nyuki.

Pua ya tembo haina mfano miongoni mwa wanyama waliokwisha kuchunguzwa. Ana karibu jeni 2,000 za kunusa, zaidi ya mara mbili ya zile za mbwa. Pua inayonusa kwa kiwango hicho huumizwa na kile kile kinachoumiza jicho la mpishi asiye makini. Wakulima wa Bonde la Zambezi nchini Zimbabwe walianza kutumia pilipili dhidi ya tembo katika miaka ya 1990, na njia hiyo imefika Tanzania. Kamba ya katani huzungushwa shambani juu ya nguzo, ikining'inizwa vipande vya nguo kila baada ya hatua chache. Vyote hupakwa pilipili kali iliyosagwa na kuchanganywa na oili chafu, ili mvua isiioshe upesi. Njia nyingine ni matofali: pilipili iliyosagwa huchanganywa na kinyesi kibichi cha tembo au ng'ombe, hukaushwa juani, kisha huchomwa jioni mahali ambapo upepo utaupeleka moshi kwenye njia ya tembo.

Njia hii ina masharti, na wengi walioiacha wakisema haifanyi kazi hawakuyatimiza. Kamba iliyopakwa mwezi wa kwanza na kusahaulika hadi mavuno ni mapambo tu. Hupakwa upya kila baada ya mvua kubwa. Shamba moja lililozungushiwa kamba katikati ya mashamba kumi yasiyo nayo humsukuma tembo kwa jirani, na hapo huzuka ugomvi wa wanakijiji badala ya ulinzi. Anayesaga pilipili afunike pua na mdomo, avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, na watoto wawe mbali. Faida yake moja haina ubishi: tembo hali pilipili, kwa hiyo mistari kadhaa ya pilipili pembezoni mwa shamba hubaki hata mahindi yakiliwa, na sokoni ina bei.

Nyuki wana hadithi ndefu zaidi. Wafugaji wa nyuki na warina asali wa Afrika Mashariki walijua tangu zamani kwamba tembo huuepuka mti wenye mzinga. Sayansi ilikuja baadaye kuuliza ni kwa kiasi gani. Mwaka 2007 mtafiti Lucy King na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika kaskazini mwa Kenya, ambapo familia 17 za tembo zilichezewa mlio wa nyuki waliokasirika, uliorekodiwa. Familia 16 ziliondoka katika muda wa sekunde 80. Nusu ya familia zote hazikungoja hata sekunde kumi. Ngozi ya tembo ni nene, lakini pembeni mwa macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga hakuna unene wa kumkinga, na nyuki wa Afrika wanapajua.

Kutokana na matokeo hayo ulizaliwa uzio wa mizinga. Mizinga hutundikwa kwenye nguzo kuzunguka shamba, ikipishana na mizinga bandia ya mbao iliyopakwa rangi ya manjano, kukiwa na kitu kimoja kila baada ya mita kumi hivi. Vyote huunganishwa kwa waya mmoja. Tembo akisukuma waya, mizinga yote hutikisika na nyuki hutoka. Katika jaribio la miaka miwili lililochapishwa mwaka 2011, tembo walifanikiwa kupita uzio wa mizinga mara moja tu, ilhali walipita boma za miiba mara 31. Huko Sagalla, karibu na Hifadhi ya Tsavo Mashariki, uzio huo ulifuatiliwa kwa miaka mingi, na takriban robo tatu ya tembo walioukaribia waligeuka. Hapa Tanzania wapo wakulima wa Bonde la Kilombero, pembezoni mwa Milima ya Udzungwa, waliotundika mizinga yao kwa mtindo huo huo.

Robo tatu si wote. Na Sagalla ilifunza somo la pili: ukame wa mwaka 2017 ulipoyakausha maua, mizinga mingi ilihamwa, na ilichukua miaka kadhaa nyuki kurudi kwa wingi. Mzinga mtupu hauzuii kitu kwa muda mrefu, tembo hugundua. Kwa hiyo kikundi kinachotaka uzio wa mizinga kihesabu pia maji ya nyuki wakati wa kiangazi, kuziba nta inapovuja, kupambana na siafu, na kivuli juu ya kila mzinga. Mizinga isitundikwe karibu na nyumba, shule au njia ya mifugo, na mbuzi asifungwe kamba jirani nayo. Hii si kazi ya kumaliza kwa siku moja. Lakini ni ulinzi unaomlipa mlinzi, kwa kuwa mwisho wa msimu kuna asali.

Yote hayo hayatafaa kitu kwa shamba lililofunguliwa katikati ya ushoroba. Tembo walitumia njia hizo kabla ya vitongoji kupewa majina, na njia inapozibwa hawaisahau. Huipita hivyo hivyo, ndani ya mahindi, ndani ya boma, wakati mwingine ndani ya ghala. Mamlaka ya kuamua wapi palimwe na wapi paachwe yako mikononi mwa Mkutano Mkuu wa Kijiji, kupitia mpango wa matumizi bora ya ardhi. Wapo waliokodisha mashamba ushorobani kwa wageni kwa bei nzuri. Fedha hiyo imekwisha kuliwa, na gharama yake hulipwa na jirani aliyeko mita mia mbili pembeni, ambaye hakupata hata senti.

Swali huulizwa katika kila mkutano, na ni la haki: kwa nini tembo wasipunguzwe tu? Walikwisha kupunguzwa. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Tanzania ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Ya mwaka 2014 ilikuta takriban 43,000. Zaidi ya nusu waliangamizwa katika miaka mitano kwa ajili ya pembe, na hakuna kijiji kilichotajirika. Mashamba hayakupona katika miaka hiyo, kwa sababu majangili walifuata wenye pembe kubwa popote walipo na hawakujali nani anavamia mahindi. Wengi waliobaki walikuwa vijana waliokosa wazee wa kuwaongoza, na yaliyotokea Tarangire yanaonyesha kundi la namna hiyo huishia wapi. Tangu ujangili udhibitiwe idadi imeanza kupanda, na ndiyo sababu moja nyayo zimeonekana tena katika vitongoji ambavyo kizazi kizima hakikuwahi kuziona. Nchi hupata fedha za kigeni kutokana na watalii wanaokuja kumwona mnyama huyu, na misitu hupata miti kutokana na mbegu anazozisambaza. Lakini ni kweli pia kwamba mkulima aliyekesha dunguni haoni mgawo wa fedha hizo kwenye sahani yake, na anayemwambia afurahie uhifadhi bila kulitamka hilo asishangae akipuuzwa.

Limebaki suala la malipo, ambalo huleta manung'uniko kuliko mengine yote. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 na kanuni zilizotungwa mwaka 2011 hazizungumzii fidia. Zinazungumzia kifuta jasho kwa mali na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Majina hayo yalichaguliwa kwa makusudi. Kitambaa hufuta jasho, hakirudishi gunia. Kiwango huwekwa na kanuni, kina ukomo wa ekari, na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi huzingatiwa. Halipwi mtu aliyedhurika akiwa hifadhini kinyume cha sheria. Katika nchi jirani ya Kenya sheria ya mwaka 2013 iliweka kiwango kikubwa zaidi, shilingi za Kenya milioni 5 kwa kila aliyeuawa, na madai yakalundikana yakingoja fedha. Kwa hiyo hata kiwango kingepanda, familia inayotegemea malipo hayo kama mpango wa chakula itakuwa imejiweka pabaya.

Hata hivyo haki ni haki, na nyingi hupotea kwa sababu ndogo. Shamba likiharibiwa, mwenye shamba atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji asubuhi hiyo hiyo. Asivune mabaki, asilime upya, asichunge mifugo humo kabla ya Afisa Ugani na Afisa Wanyamapori kuja kupima, kwa maana shamba lililosafishwa haliwezi kuthibitisha kitu. Simu yenye kamera ipige picha za nyayo, kinyesi na mabua. Fomu ijazwe jina lile lile lililo kwenye kitambulisho. Fomu nyingi hurudishwa wizarani kwa kutofautiana herufi tu, na mwaka hupita. Ikumbukwe kwamba askari wa wanyamapori ni wachache, vijiji ni vingi na barabara za masika zinajulikana. Gari haliwezi kuwa katika vitongoji vinne kwa usiku mmoja. Anayesubiri gari kama ulinzi wake wa kwanza atalipokea baada ya tembo kuondoka.

Kwa msimu huu kamba za pilipili ndizo zinazowahi. Vikundi vya mashamba yanayopakana, si mkulima mmoja mmoja, vijiandikishe kwa Mtendaji wa Kijiji, vikitaja urefu wa upande unaoelekea hifadhini na majina ya watakaopaka kamba upya kila baada ya mvua. Mizinga itundikwe baada ya mavuno, ili makundi ya nyuki yanayohama yakute makao tayari kabla ya maua ya mvua zijazo. Na kila dungu liwe na daftari: tarehe, saa, idadi ya nyayo, kipimo cha kamba, upande walikotokea. Madaftari hayo yatakusanywa na kamati za mazingira za vijiji mwishoni mwa kila mwezi. Mashamba yaliyo kando ya makorongo yaanze, kwa sababu korongo ndiyo njia ambayo dume hulipita kimya kimya, upepo ukiwa usoni mwake, hadi kwenye mstari wa kwanza wa mahindi.